Asante Niliyofundishwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnapenda sana kuambiana mjiamini. Kila sherehe ya shule anasimama mtu na tai shingoni, anasema mjiamini, mjiamini. Haya. Mimi nilijiamini, miaka ile ya tisini, na nitawaambia kulinifikisha wapi.

Binti yangu wa kwanza aliolewa upande wa Migori na akafia huko. Siku ya kumzika waliniita niseme machache kama mama. Nilishika kile kipaza sauti, sauti ikakataa kutoka. Shemeji yangu akakichukua mkononi mwangu akaongea kwa niaba yangu. Alimshukuru mkwe wangu kwa kumtunza mtoto wetu vizuri. Kumtunza! Mtoto alikuwa amelazwa jikoni na ugonjwa wake, na aliyekuwa akimletea uji ni jirani. Nilikaa pale nikisikiliza uongo ukisemwa kwa niaba yangu.

Aliacha wasichana wawili. Niliwachukua nikawaleta kwangu, nje kidogo ya Kendu Bay. Mwaka uliofuata habari ikafika kwamba baba yao ameoa, mke mpya amejifungua, na wanamtaka yule mkubwa. Hawakusema wa kazi gani, lakini nilijua. Walitaka mgongo wa kubeba mtoto. Kikao cha wakwe kikapangwa kiwe likizo ya Agosti, huko kwao.

Ndipo nikasikia kuna chama cha watu wanaojifunza kuongea mbele za watu. Walikutana Jumamosi mchana kwenye darasa moja la shule, karibu na soko nilikouza omena. Walikuwa makarani, walimu na nesi mmoja, na mwenyekiti wao alikuwa bwana mmoja aliyerudi kutoka Nairobi na mambo hayo. Niliingia na leso yangu inanuka samaki.

"Mathe, umepotea," kijana mmoja akaniambia. "Kikundi cha akina mama ni Alhamisi."

"Siku za wiki nazijua. Sogea nikae."

Walicheka, nami nikakaa. Mambo yao yalikuwa hivi: ukisema "eeh, eeh" katikati ya maneno, mtu anagonga chupa ya soda kwa kijiko. Dakika zako zikiisha wanagonga mara mbili, unakaa hata kama hujamaliza. Usiongee na miguu yako, angalia watu machoni. Na ukimaliza lazima ushukuru ndipo ukae. Hapo mwenyekiti alikuwa mkali. "Mama, asante iko wapi? Simama tena." Nikasimama, nikashukuru, nikakaa, kama mtoto wa nasari.

Hotuba yangu ya kwanza ilikuwa ya kuanika omena wakati wa mvua, na chupa iligongwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Baadaye ikanyamaza. Nesi akaninong'oneza, "Mama, diwani ajihadhari na kiti chake." Nyumbani nilikuwa nikijizoeza mbele ya kuku, na yule mjukuu mkubwa, aliyeniita Dani, yaani nyanya, akigonga sufuria. "Dani! Umesema eeh tena!" Alicheka mpaka akakaa chini. Siku moja akaniuliza, bila kucheka, "Dani, ukiongea vizuri wataniacha nibaki?"

Nikamwambia ndiyo.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa baba mdogo wa mkwe wangu. Kwa desturi yetu mama mkwe haongei mbele ya mkwe wake. Anakaa pembeni, mgongo umegeuka kidogo, na wanaume wa kwao wanamsemea. Lakini mimi nilikuwa nimesemewa ya kutosha. Niliomba ruhusa. Wazee wakatazamana, mwenye nyumba akasema, "Acheni aongee."

Nilisimama. Nikasema mtoto wangu alilala wapi akiwa mgonjwa, na nani alimletea uji. Nikasema msichana yuko shuleni na mwalimu wake anamsifu, na akija huku daftari atalisahau kwa sababu ya nepi za mtoto wa mke mpya. Hakukuwa na eeh hata moja. Niliwaangalia machoni, hata mkwe wangu, mpaka akaangalia viatu vyake. Halafu nikasema, "Asanteni kwa kunisikiliza," nikakaa.

Kwetu hakuna anayekaa namna hiyo. Kwenye kikao cha wakwe, anayetaka kitu anasema, anajibiwa, anasema tena, jua linashuka, watu wanachoka, na bado anasema. Ukishukuru umemaliza neno lako na umekubali watakaloamua wenzako. Hilo nililijua tangu usichana. Lakini ulimi ulikuwa umeshazoeshwa ile chupa na kijiko.

Mwenye nyumba akapiga makofi, na wengine wakapiga.

"Mama mkwe ameongea! Hata mbunge wetu haongei hivyo. Na ameshukuru. Basi tumeelewana: mkubwa atakuja kwa baba yake, mdogo abaki kwa nyanya kwa sasa."

"Sijamaliza," nikasema.

"Umeshukuru, mama. Sisi wote tumesikia."

Shemeji yangu akanivuta leso. "Kaa, shemeji. Umetupa sifa leo, usiiharibu." Na kuku akaletwa, nao wakanawa mikono.

Walikuja kumchukua kabla shule hazijafunguliwa. Hakulia. Alikunja sare yake ya shule akaiweka kitandani mwangu, akasema mdogo wake atakua ataivaa.

Jumamosi nilirudi kwenye chama. Nilisimama nikawaeleza yote, na nilipofika kwenye ile sare, mtu akagonga chupa mara mbili. Sikukaa. Mwenyekiti akatabasamu, "Lakini mama, uliongea mbele ya wazee! Hiyo ni hatua kubwa sana." Wakanipigia makofi na wao. Miezi yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninajifunza nikaongee wapi, na nani, niombe nini. Niliwaambia nilikwenda kutafuta mtoto, sikwenda kutafuta makofi. Nikatoka, na sijakanyaga hapo tena.

Yule msichana hakurudi darasani. Alibeba yule mtoto, akabeba aliyemfuata, na kabla hajakomaa vizuri akabeba wake mwenyewe. Nikimwona leo ananisalimia kwa heshima sana, kama mgeni.

Baada ya miaka michache walikuja kumtaka mdogo. Ilikuwa saa ya chakula. Yule baba mdogo wa mkwe wangu alisimama langoni na wanaume wawili, kofia mkononi, uso wote meno.

"Mama mkwe, tumekuja tuongee. Tunajua wewe ni msemaji."

Wanangu wakanigeukia wakingoja nisimame nianze. Sikusimama.

"Fungeni lango," nikawaambia. "Pakueni ugali, mtoto ale."