Pingili Sita za Mlimau wa Baba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ndani ya banda la plastiki mvuke umetanda, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa anachovya pingili ya mlimau, kipande kifupi cha tawi, kwenye kikopo cha unga mweupe. Anaigonga ukingoni, unga uliozidi unapuputika, kisha anaichomeka mchangani.

"Kugusa tu," anasema bila kuinua macho. "Ukiipaka kama poda ya mtoto, umeiua."

Wenzake kitaluni humwita Dada Mizizi. Ameotesha miche kwa miaka ishirini na miwili; siku ikiwa nzuri hufikisha mia nne. Unga ule ni homoni, anaeleza. Mti hujitengenezea ya kwake kwenye ncha changa, nayo hushuka, ikichochea mizizi na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Tawi likishakatwa, huongezewa kidogo.

Baba yake, fundi cherehani, hakulijua neno homoni. Alijua tu kukata ncha ya mlimau uliokuwa nje ya dirisha lake, kwa mkasi uleule wa vitambaa.

"Alikuwa akisema, 'Huyu mkubwa anawanyima wadogo zake nafasi.' Halafu anatutazama sisi wanne, na kaka mkubwa ananuna!" Anacheka hadi machozi yanamtoka.

Utotoni, mama yake akimtuma limau, yeye alikuwa akikawia makusudi chini ya dirisha la baba, akisikiliza cherehani ikienda.

Miaka mitatu iliyopita, wazazi wote wakiwa wametangulia, kaka mkubwa aliiuza nyumba yao. Mnunuzi alitaka kujenga upya. Malimau ya mti ule hayakuwa na mbegu; ukingʼolewa, umekwisha.

"Nikamwambia, 'Kaka, uza kuta, niachie mti.' Akanijibu, 'Mdogo wangu, mti ni mti.' Tukanuniana."

Kabla nyumba haijabomolewa, dada alikata pingili ishirini. Kwa hofu ya kuzikosa, akazichovya mara mbili mbili. Siku ya tisa zote zilikuwa nyeusi kwa chini.

"Kazi ninayowafundisha wengine, yangu nikaiharibu mwenyewe. Pupa, basi."

Alirudi mbio kwenye nyumba ile, akaukuta mti umelala juu ya kifusi, majani yamesinyaa. Tawi moja lililofunikwa na udongo lilikuwa bado bichi. Akapata pingili sita. Safari hii alizigusisha unga mara moja tu, akazifunika na kusubiri.

Wiki ya saba alivuta moja taratibu. Haikuja.

"Ilikuwa imeshika! Nikakaa chini palepale."

Mbili zilipona. Mwezi uliopita kaka yake alifika nyumbani kwake bila taarifa, akasimama mbele ya mmoja wa milimau ile michanga kama mgeni. Alichuma jani, akalifikicha, akanusa.

"Akasema, 'Naisikia cherehani ya baba.' Tulilia kama watoto."

Pingili za leo zimetoka kwenye mti huo. Mche mmoja mmoja kwa kila ndugu, na mmoja wa ziada, ambao anautaja kwa sauti ya chini.

"Aliyeinunua nyumba ile hana kosa. Ana watoto watatu, nimewaona wakicheza juani, uani hakuna hata kivuli. Mvua zikianza nitampelekea. Kaka amesema tutakwenda wote, na yeye ndiye atakayepiga hodi."