Dola Zenye Harufu ya Samaki

Mama yangu aliuza samaki wakavu wa Kapolowe hapa Likasi, na kila dola aliyoipata aliilaza ndani ya Biblia ili isijikunje. Kwetu noti ya dola ikichanika hata ukingoni, hakuna anayeipokea. Alitaka kununua nyumba tuliyopanga mtaa wa Panda, ile ambamo baba alifia. Mwenye nyumba alitaka dola mkononi, basi.

Karani wa benki alikuwa shemasi wa kanisa letu. Kila Jumapili baada ya ibada alimfuata mama.

"Mama, ku nyumba panya iko, mwizi iko. Leta yote ku banki, miye mwenyewe nitakuchungia."

Mama alimwamini; ndiye aliyetuombea msibani. Akapeleka zote. Shemasi alizipokea dirishani akacheka: "Mama, dola yako inanuka samaki!" Tulicheka naye, hata mimi, mjinga mkubwa.

Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba kuanzia asubuhi hiyo benki zitalipa franga za nchi yetu tu, kwa bei iliyopangwa na serikali. Tulikimbia. Foleni ilifika barabarani, watu wakipiga geti na kutukana. Tulipofika dirishani, shemasi hakutuangalia usoni.

"Papa shemasi, nilikuletea dola. Unipe dola yangu."

"Dola haiko tena, Mama. Bakubwa ndjo balikataza."

Tukapewa mfuko wa franga. Kwa makambisti, wale wanaobadilisha fedha barabarani, dola ilikuwa imeshapanda vibaya. Franga zetu zilitosha nusu ya nyumba, na nusu ya nyumba hailaliwi. Niliilaani serikali, na mpaka leo nailaani. Shemasi nilimhurumia. Nilidhani naye ametumwa tu.

Kisha mwenye nyumba akaja na mnunuzi, wapate kulipana mbele yetu wapangaji. Mnunuzi alikuwa shemasi. Aliketi kwenye kiti cha baba, akatoa bahasha, akaweka mezani petu dola zilizonyooka kama zimepigwa pasi. Mwenye nyumba alianza kuzihesabu, akasita, akakunja pua.

"Eh, Papa, hii dola inanuka samaki."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama aliondoa Biblia yake mezani, akaenda chumbani kufungasha nguo.