Mitutu Iliyokaa Upande

Nianze na aibu yenyewe tuimalize. Mimi, baba wa watoto, mtu mwenye kitambi na heshima zake kanisani, nilivua buti za kazi mbele ya bosi na godauni zima, nikazipanga pembeni vizuri kama ziko dukani, nikaketi sakafuni, nikaweka mikono kichwani. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Na miguuni nilikuwa nimevaa soksi za binti yangu, rangi ya waridi, zenye picha za paka.

Haya, chekeni kwanza. Nangoja.

Godauni letu liko karibu na bandari ya Port Botany, huku ugenini. Tunapokea bunduki kutoka nje, zile zinazojipakia risasi zenyewe, za watu wachache wenye leseni maalum wanaokwenda kuua nguruwe pori huko mashambani. Kabla ya kunipa kazi polisi walinichunguza sana, nadhani sasa wanamjua babu yangu kuliko mimi. Nilianza kwa kupakua kontena, mpaka mgongo ukakataa. Daktari akasema nikiendelea kubeba maboksi, uzee wangu nitauona nikiwa nimeinama, natazama vidole vya miguu tu. Basi bosi, mzee mmoja mzungu asiye na maneno mengi, akanihamishia meza ya ukaguzi. Kazi ya kukaa! Kwenye kiti chenye magurudumu! Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia mume wako sasa ni mtu wa ofisi. Akauliza kama watu wa ofisi nao wanakoroma.

Lakini ilikuwa ni majaribio. Nikiiweza meza, ni yangu. Nikishindwa, mgongo wangu unarudi kwenye kontena.

Shida ya mzigo uliofika wiki hiyo ilikuwa mitutu. Sijui fundi wa kiwandani aliamka na hasira gani, maana mingi ilikuwa imefungwa vibaya, imekaa upande kidogo. Kile kidude cha mbele cha kulengea kimeegama kama mlevi kwenye nguzo. Bunduki ya namna hiyo unalenga nguruwe, unaua ng'ombe wa jirani. Kuikagua si kazi ngumu. Unatoa chuma kinachofunga nyuma, bunduki inabaki bomba tupu. Unaiweka kwenye kishikio mezani. Unachungulia ndani ya bomba mpaka uone msalaba mweusi uliochorwa kwenye karatasi ukutani. Halafu unachungulia kwa juu, pale pa kulengea. Kama pote unaona msalaba uleule, mtutu umenyooka. Kama sivyo, stika nyekundu, irudi ilikotoka.

Mambo ya pembe mimi sikuyasoma. Mwalimu wa hesabu alipofika kwenye pembe, vita ilikuwa imefika kwenye mlango wa darasa. Kwa hiyo siku za kwanza bosi alichungulia, mimi nikabandika stika.

Sheria ilikuwa moja: sakafuni kuna mstari wa njano, na bunduki ikiwa kwenye kishikio hakuna mtu kuuvuka, hata kama ni tupu. Asubuhi ya ile aibu, karatasi ya ukutani iliachia kona moja, ikaning'inia. Mimi na kiherehere changu nikauruka mstari kwenda kuibandika. Nikageuka kurudi.

Nikaona kitundu cha mtutu. Na ndani ya kitundu, jicho la bosi.

Kichwa hakikuwaza kitu. Mikono ndiyo iliyowaza, ikaenda yenyewe kwenye kamba za buti.

Kwetu, Kongo mashariki, ukifika kwenye kizuizi cha wenye bunduki hungoji kuambiwa. Unavua viatu, unavipanga pembeni, unakaa chini, mikono kichwani. Hata watoto walijua. Viatu ndivyo walivyokuwa wanavitaka zaidi, na anayevua haraka ndiye anayepita haraka.

Rafiki yangu Mkenya, anayeendesha foklifti, alikuwa wa kwanza kupiga kelele. "We Mkongo! Umefika mbinguni ama? Na hizo soksi, aki!" Godauni lote likaangua kicheko, maana walinizoea, wakadhani ni mchezo wangu mwingine. Nami nikainua mguu ili paka waonekane vizuri. Bosi peke yake hakucheka. Alinipa mkono nikainuka, akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu niko sawa, soksi zinabana tu.

Kesho yake akanisogezea kiti. "Leo chungulia wewe."

Nikakaa. Nikafumba jicho moja, nikaweka lingine kwenye bomba. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekaa upande wa yule kijana wa kizuizini, mwenye bunduki. Ninaona alichokiona yeye. Msalaba ulikuwepo ukutani, najua ulikuwepo, lakini mimi nilimwona yaya yangu, kaka yangu mkubwa, ameinama. Siku ile kwenye kizuizi mimi nilikuwa na sandali, nilizitupa mara moja. Yaya alikuwa na buti mpya, na kamba alizifunga mafundo mawili mawili, yule mtu wa kupenda unadhifu. Aliinama kuyafungua. Fundo likakataa. Bunduki ya yule kijana ilikuwa kuukuu, imefungwa mpira wa baiskeli ili isiachane. Mtutu wake hakuna aliyewahi kuukagua. Na haukukosea.

Nilimwambia bosi macho yangu mabaya, sioni msalaba. Akanitazama kidogo. Akasema nikapime macho, nafasi ataniwekea. Sikwenda kupima. Nikarudi kwenye kontena mwenyewe, na mgongo wangu ukanipokea na matusi.

Saa ya chakula tulikaa nyuma ya godauni juu ya mbao za kupangia mizigo, mimi na yule Mkenya. Nilikuwa nimelala chali nikijinyoosha, natania kwamba Mungu alipotengeneza mgongo wangu alitumia vipuri vya punda.

Hakucheka. "Buda, macho gani mabaya? Wewe unasoma namba ya kontena ikiwa bado kwa geti. Kiti ulikuwa nacho. Umekiacha kwa nini?"

Nikamwambia. Kizuizi, mafundo, mpira wa baiskeli. Nilijaribu kuweka utani hapa na pale, haukukaa. Aliacha kula. Ilipita meli moja ya mizigo, ikapiga honi, tukaingoja imalize.

Halafu akasema, "Mimi najua hadi saizi ya suruali yako. Na sikujua ulikuwa na brathe. Alikuwa anaitwa nani?"