Siku Niliyomwondoa Bwana Alfred Mchezoni

Siku moja haijapata kunitoka kichwani, mwanangu, nayo ni ile niliyopanda treni kwenda Harrow kumwambia mwigizaji aliyemzidi umri baba yangu kwamba hatumtaki tena. Jana ulinipigia simu ukaniuliza, kwa Kiingereza, namna ya kumwondoa binti mmoja kwenye mchezo unaouongoza bila ya kumuumiza. Nakujibu kwa Kiswahili kwa kuwa najua unakielewa kuliko unavyojitia, na kwa kuwa aliyenifunza jambo hili alinifunza kwa Kiswahili.

Wakati huo nilikuwa msichana, ndiyo kwanza naanza kazi ya kuongoza michezo ya kuigiza. Wazee wangu walikuwa wametoka Unguja wakakaa Walthamstow, huku London, na baba hakuipenda kabisa kazi yangu, khasa aliposikia kuwa ukumbi wetu uko juu ya baa. Nilimwambia mlango wetu uko pembeni, wala hatupiti ndani. Hakuridhika, ila hakunizuia. Kumbi za namna hiyo zipo London hata leo, nawe unazijua: chumba kilichopakwa rangi nyeusi, viti vya kukunja, na harufu ya chipsi inayopanda kutoka chini. Wengi wetu tulianzia humo. Ukifanya vizuri, mtu wa ukumbi mkubwa atakuja siku moja akae nyuma akutazame. Ukivurunda, hakuna atakayekuuliza kulikoni.

Mchezo wetu ulikuwa wa ndugu wawili wanaogombea nyumba ya baba yao, na baba mwenyewe yu hai, amekaa katikati anawasikiliza. Huyo baba ndiye aliyeubeba mchezo wote. Nilimtaka Bwana Alfred. Wewe hukumuwahi, lakini kwa miaka mingi alikuwa kwenye televisheni akicheza daktari wa kijijini, hata watu wakimsimamisha madukani na kumweleza maradhi yao. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa jukwaani, na waliomwona walisema akinong'ona alisikika mpaka kiti cha mwisho.

Nilikwenda mwenyewe kwake Harrow, pembezoni mwa London, kumwomba. Mkewe, Bi Joan, alinikaribisha chai na keki, nikala, nikaeleza mchezo tangu mwanzo hadi mwisho. Malipo yetu yalikuwa ya kuaibisha. Alikubali hata hivyo.

"Siku hizi hakuna anayenipa maneno ya kusema," aliniambia. "Wananipa kiti na kikohozi."

Siku za mwanzo za mazoezi zilikuwa raha tupu. Nilikuwa nikiwaambia waigizaji wahuzunike, wakasirike, na yeye akanivuta pembeni kwa upole: "Usimwambie mtu ahuzunike, Salma. Mwambie anataka nini, na nani anamzuia. Huzuni itakuja yenyewe." Nimekula kwa maneno hayo maisha yangu yote.

Kisha tukaweka mswada chini, kila mtu aseme kutoka kichwani, na hapo mambo yakaharibika. Maneno hayakumkaa. Aliruka kurasa nzima, akajibu swali ambalo halijaulizwa, na wale vijana wawili waliocheza wanawe wakabaki wanatazamana. Msimamizi wa jukwaa alikaa karibu naye akimnong'oneza mistari. Bwana Alfred akafanya mzaha, sote tukacheka, na kesho yake ikawa vile vile. Alasiri moja alisita katikati ya maneno, akatutazama kama aliyeingia nyumba siyo. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Mtayarishaji wetu, mtu mmoja mchangamfu aliyependa kila jambo lipite bila kelele, aliniita ngazini.

"Mwingine nimeshampata," alisema. "Wewe usijisumbue. Nitampigia wakala wake, yule anayemtafutia kazi, niseme umebadilisha mawazo, unataka baba mwenye umri mdogo zaidi. Hataumia."

Nakwambia kweli, nilishusha pumzi. Nilirudi nyumbani nimetuliwa mzigo, nikamsimulia mama huku akipepeta mchele. Mama alikuwa karani wa baraza la mtaa. Alizoea kuwasikiliza watu kutwa nzima, na hakuwa mtu wa kukatiza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulipomtaka, ulimtuma mtu?"

"La, nilikwenda mwenyewe."

"Ukala kwake?"

"Nilikula."

"Na leo unamwacha, unamtuma mtu. Tena na uongo."

"Mama, si uongo. Ni kumsitiri."

"Unamsitiri yeye au unajisitiri wewe?" Akarudi kwenye mchele wake.

Asubuhi nilimpigia mtayarishaji, nikamwomba angoje, asimpigie wakala. Kisha nikashika treni ya Harrow. Njia nzima nilikuwa najifunza la kusema, na kila nilipolijaribu nilijikuta narudi kwenye maneno yake yeye mtayarishaji, kwa kuwa yalikuwa laini.

Bwana Alfred alifungua mlango na mswada mkononi. Nyuma yake, jikoni, Bi Joan alikuwa na nakala nyingine. Alikuwa akimsomea maneno ya wanawe ili yeye ajibu. Nilitamani kugeuka. Nilikaa kwenye kiti kile kile nilichokalia siku ya keki, nikaanza: kwamba nimeufikiria upya mchezo, kwamba sasa namwona yule baba kuwa na umri mdogo kidogo…

Alinikatiza. "Nani amekuandikia maneno hayo?"

Nikainamisha macho kwenye mswada wake.

"Nimeishi na waigizaji tangu ujana wangu, Salma. Namjua mtu anayesema maneno asiyoyaamini. Sema lililokuleta."

Nikasema. "Maneno hayakukai, Bwana Alfred. Vijana wanaogopa kusimama nawe jukwaani. Nami naogopa pia. Tumeshampata mtu mwingine."

Uso wake ulibadilika rangi. Aliniambia kwamba alikuwa jukwaani kabla mama yangu hajazaliwa, kwamba waongozaji waliokuwa na majina makubwa walimngojea yeye, na kwamba mimi ni mtoto niliyeazimwa chumba juu ya baa. Hakusema uongo. Mwisho akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Bi Joan alinisindikiza hadi getini. Hakunipa neno la kunifariji. Alisema tu, "Amekubali kazi nyingine baada ya hii yenu. Ukumbi mkubwa, watu mamia kwa mamia kila siku. Nilikuwa najua maneno hayamkai. Sikuthubutu kumwambia." Akafunga geti. Nilipanda treni iendayo upande siyo, nikashtukia niko Pinner, mbali zaidi na kwetu.

Mchezo ulifunguliwa na baba mwingine. Ulikuwa mzuri wa kutosha, basi. Kwa Bwana Alfred kulikuwa kimya kabisa, nami nikaamini nimemvunja mzee wa watu bure.

Mpaka baridi ilipoingia, Bi Joan akanipigia simu. Mumewe alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye ule ukumbi mkubwa, akamwambia mwongozaji kwamba hawezi tena kushika maneno, akajitoa. Kisha akamweleza wakala wake, jambo alilolificha muda mrefu. Wakala akashangaa: mbona hukusema? Kuna redio. Redioni mtu anasoma karatasi.

"Msikilize Jumapili," aliniambia Bi Joan.

Tulimsikiliza jikoni, mimi na mama. Alicheza jaji, na ilikuwa sauti ile ile niliyokwenda kuiomba Harrow. Ulipokwisha mchezo, mama akauliza, "Huyu ndiye uliyemwondoa?"

"Ndiye."

"Mmepoteza," alisema, akaenda kutia chai.

Alifanya kazi ya redio kwa miaka mingi baada ya hapo. Nilikutana naye mara moja tu, kwenye ukumbi wa studio. Akanisalimu kwa adabu, akapita. Sidhani kama alinisamehe, na mimi sikumwomba.

Sasa, mwanangu, kazi hii yetu huwaondoa watu kila siku. Mimi mwenyewe niliondolewa kwenye filamu niliyokuwa nikiiongoza. Nilijua nilipofika asubuhi nikamkuta mtu mwingine anawapanga waigizaji wangu. Nawe utaondolewa, usidhani hutaondolewa. Kwa hiyo nakuusia hivi. Huyo binti unayetaka kumwachisha kazi usimwandikie ujumbe kwenye simu, wala usimwachie wakala. Mwendee mwenyewe, kabla wenzake hawajajua. Mwambie sababu iliyo ya kweli, kwa maneno machache, kwa kuwa ndiyo pekee itakayomsaidia kesho. Ukimpa ya uongo, atakwenda kuanguka vile vile kwa mwingine. Akikasirika, mwache akasirike. Usimlilie ili akubembeleze. Na usiulize namna ya kutomuumiza, maana ataumia.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kweli na moyo usiokuwa mgumu. Akufungulie kumbi kubwa, akupe waigizaji wa kukufunza, na siku zamu yako itakapofika, akuletee mtu atakayekuja mwenyewe kugonga mlango wako. Amin.