Glasi ya Maji Kwenye Kiti cha Shemeji

Kihispania chake alikipata kwenye beseni. Miaka kumi na mmoja alifua kwa masista waliotoka Hispania, na kila kitambaa alichokamua alikijua kwa jina la lugha yao. Kiingereza alikuwa nacho tangu sekondari. Mumewe alipofariki, mdogo wa marehemu, mwenye ghala la bidhaa za nyumbani, alimwajiri kutafsiri lebo: mapazia ya bafuni, vitambaa vya meza vya plastiki, vifuniko vya godoro.

Ghalani tunamwita Mama Glasi, maana haandiki neno kabla hajamwaga maji. Daftari lake lina kipande cha kila kitambaa, na pembeni dakika kilizostahimili.

Jumanne moja lori lilikuwa mlangoni, likisubiri vifuniko mia mbili vya kupeleka nyumba ya kutunzia wazee. Lebo ya Kihispania ilisema kitambaa kinafukuza maji. Shemeji yake alitaka Kiingereza kiseme hakipitishi maji.

"Kufukuza na kutopitisha, shemeji, si baba mmoja mama mmoja?"

"Ni majirani tu. Tone likidondoka hapa linateleza. Mzee akilalia majimaji mpaka asubuhi, godoro linakunywa."

"Wateja nimeshawaambia. Andika. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, usisahau."

Mama Glasi alijaza glasi yake maji. Alitandaza kifuniko juu ya kiti cha shemeji yake, chenye mto mweusi, akamwaga glasi nzima katikati. Maji yakatulia kama kioo.

"Umeona?" shemeji akasema, akatoka kumtuliza dereva.

Aliporudi baada ya nusu saa, kifuniko kilikuwa kimeondolewa. Mezani kulikuwa na karatasi mbili.

"Hii lebo yako, hii yangu," Mama Glasi akasema. "Yako isaini umekaa."

Shemeji aliutazama mto. Mweusi ule hauonyeshi kitu. Akaitazama suruali yake, ya rangi ya maziwa.

"Wewe mwanamke, kaka yangu alikuwezaje?"

"Hakuniweza."

Akasaini ya Mama Glasi, amesimama.

Nyumba ya wazee ilisoma lebo, ikarudisha vifuniko mia na hamsini. Hamsini iliviweka kwenye vitanda vya wahudumu. Shemeji alinuna siku nne. Mwisho wa mwezi alimwita kusaini mkataba mpya. Kabla ya kukaa, shemeji aliupapasa mto wa kiti chake.