Julai Iliyozidi Wastani

Mwishoni mwa Julai mdogo wangu wa kike alinitumia ujumbe: "Kaka, wametangaza. Mwezi huu mkoa wetu umepata mvua nyingi kuliko wastani." Halafu akaongeza: "Hawajasema kwamba yote ilinyesha kwenye harusi yangu." Nilicheka peke yangu stendi ya Tunduma, nikingoja basi la kwenda mji nisioujua vizuri.

Yeye ni mwalimu wa jiografia, na siku ya harusi aliichagua mwenyewe kitaalamu. Kwenye kikao cha familia, nyumbani kwetu Sapiwi, alitueleza kwamba kumbukumbu za hali ya hewa za miaka mingi zinaonyesha Julai kwetu ni kiangazi kabisa.

"Hakuna hata wingu la kusingizia," alisema.

Mama akamtazama. "Mwanangu, na huo wastani ukikosea utatuletea mwavuli?"

Baba mdogo alicheka hadi akakohoa, lakini hakuna aliyebisha. Julai kwetu ni vumbi. Hata mimi, niliyezunguka nchi hii zaidi ya nusu ya umri wangu, vumbi hilo nalikumbuka mdomoni.

Siku yenyewe iliamka na jua kali. Kabla ya adhuhuri wingu likatokea upande wa ziwa. Tulilitazama kama mgeni aliyekuja bila kadi, tukidhani ataona haya aondoke. Halikuondoka. Lilijimwaga.

Wenzangu walikimbilia ndani. Mimi nilibaki uani nikilowa na suti yangu, kwa sababu harufu ya udongo mweusi wa mbuga unaponyeshewa sijaipata mji wowote.

"Ingia ndani, mtu mzima na ndevu zako!" mama alinipigia kelele.

Ndipo simu ikaita. Bwana harusi, aliyekuwa akitoka kwao Lamadi, kando ya ziwa, amekwama. Kiangazi kila gari hukata katikati ya majaruba ya mpunga kufika kanisani, hakuna anayezunguka njia ya changarawe. Dereva wake alifanya kama watu wote. Lakini udongo ule mweusi ukilowa hushika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Padri alikuwa anasubiri, na mchana huohuo alitakiwa kusalisha kigango kingine. Bwana harusi asipofika, ndoa ingeahirishwa.

Tulitazamana. Bibi harusi akainuka na gauni lake.

"Siahirishi," alisema. "Baba mdogo, maksai wako wapi?"

"Unataka kulima leo?"

"Nataka mume wangu."

Baba mdogo alifunga nira jozi mbili, nami nikabeba mnyororo. Tulimkuta bwana harusi akisukuma gari pamoja na mpambe wake, suruali nyeupe zimekuwa nyeusi hadi magotini.

"Mkwe!" baba mdogo alimwita kwa mbali. "Wewe si mtu wa ziwani? Maji haya kidogo yamekushinda?"

"Maji nayaweza, baba. Matope yenu ndiyo siyajui."

"Leo utayajua. Ndiyo mahari iliyobaki."

Maksai walikaza shingo, gari likachomoka kwa mlio wa kunyonya, na kwa kuwa injini ilikataa kuwaka, wakalivuta mpaka mlangoni pa kanisa. Tulipogeuka, bibi harusi alikuwa anakuja pekupeku katikati ya majaruba, gauni amelikusanya kwa mikono miwili, mama nyuma yake na viatu vyake vyeupe, wanawake wa ukoo wakipiga vigelegele kwenye manyunyu.

Padri alitazama saa, akaanza bila kuuliza kitu. Alipofika pale pa kuwauliza kama wamekuja kwa hiari yao, bila kushurutishwa, bwana harusi aligeuka kidogo kutazama mlangoni, ambako baba mdogo alisimama na fimbo yake.

"Kwa hiari, Padri," alisema. "Ila kufika hapa, nimevutwa."

Kanisa zima liliangua kicheko. Padri alifunika uso kwa kitabu, mabega yakimtikisika. Alipoweza kusema tena, akamgeukia mdogo wangu.

"Na wewe?"

"Kwa hiari kabisa, Padri. Maksai niliwaagiza mimi."