Redio ya Mimba na Mguu wa Baba

Kazi yangu ni kusikiliza mabomba. Nikiwaambia watu hivyo hapa Arua hunitazama kwa huruma, kwa hiyo siku hizi nasema tu kwamba niko idara ya maji. Nina mashine yenye vibati viwili. Navipaka grisi, navibandika juu ya bomba bila kulikata, mashine inapeleka mlio ambao sikio la mtu halisikii. Mlio unagonga vichafu na mapovu yanayosafiri na maji, unarudi umebadilika, na kwa mabadiliko hayo mashine inajua maji yanakwenda kasi gani. Ina ubaya mmoja: inapenda uchafu. Maji yakiwa safi kupita kiasi, mlio haupati cha kugonga, na mashine inaandika sifuri.

Ndivyo ilivyoniaibisha nyumbani kwetu Abuku, kule Koboko, siku ya kisima kipya. Maji yalikuwa yanamwagika kwa nguvu mbele ya kamati nzima, na mashine ikasema hakuna maji. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama angenichotea udongo kidogo niutie ndani. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Baba alikuwa wakala wa kupitisha mizigo Oraba, mpakani, kabla ya kustaafu. Mambo ya mlio unaobadilika hakuhitaji kufundishwa. Aliniambia kwamba hata akiwa amelala ofisini, alijua kwa honi tu kama lori linakuja au limeshampita: linalokuja hulia nyembamba, likikupita sauti inalegea. "Hiyo ndiyo masomo yako yote?" akaniuliza. "Mimi nilisoma hiyo bure, kando ya barabara."

Kisha mguu wake wa kushoto ukaanza kupoa. Ana sukari, na alikuwa na kidonda kwenye kidole ambacho alikificha ndani ya soksi. Nilimpeleka Arua kwa daktari wa upasuaji, kijana mpole, naye akabonyeza kifundo mara kadhaa akitafuta mapigo asiyapate. Akatueleza bila kuzunguka. Damu ikiwa bado inafika kifundoni, atajaribu kuuokoa mguu. Ikiwa haifiki, ataukata chini ya goti. Ili kujua, ilibidi asikilize kwa kile chombo kidogo ambacho wakunga hukitumia kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Pale hospitalini kilikuwa kimoja tu, kliniki ya wajawazito, na wanawake wote wanakiita redio ya mimba.

Baba akasimama kwa mguu ule ule mbovu.

"Redio ya mimba? Mimi, na mvi hii? Unataka watu ya Oraba waseme muzee iko na mimba ya mguu?"

"Baba, ni mlio tu. Ni kama ile mashine yangu."

"Basi wewe iko na mashini. Pima wewe."

Tukarudi Koboko. Nilikuwa nimekasirika, na chini ya hasira nilikuwa naogopa, na mtu mwenye hofu hufanya upumbavu mwingi. Alipoweka mguu juu ya kiti na kunikazia macho, nikafungua mkoba. Nikapaka grisi. Mashine ikauliza bomba ni la chuma au la plastiki.

"Andika chuma," akasema baba.

Ikaandika sifuri. Bila shaka ikaandika sifuri. Ilitengenezwa kwa mabomba mapana, wala haijui mguu ni nini. Nilimweleza hivyo, lakini yeye alikuwa tayari ameinamisha kichwa.

"Imekufa," akasema. "Asante binti yangu, umesema kweli. Huyo daktari ilikuwa naogopa kusema."

Kuanzia hapo kukawa na msiba nyumbani kwetu, na marehemu alikuwa bado ameunganishwa na mwenye msiba. Baba alichagua mahali pa kuuzika mguu, pembeni mwa shamba la mihogo. Akamwita katekista. Katekista, mtu makini, alitaka kujua kama sala za marehemu husomwa kwa kipande. Baba akamjibu kwamba mguu ule ulibatizwa siku moja na mwili mwingine wote, kwa hiyo haki zake ni zile zile. Majirani walikuja kutoa pole. Walipofika hawakujua wamtazame baba usoni au wautazame mguu.

Kisha akakipeleka kiatu cha kushoto kwa jirani yetu, ambaye ana mguu mmoja tu, wa kushoto. Ni viatu vya baba vya Oraba, vya ngozi nyeusi, alivyovaa kanisani na kwenye ofisi za forodha. Nilimwona akikifuta vumbi kwa kiganja kabla ya kukitoa. Hapo nikalia, tena kwa sauti, mbele ya katekista.

Jioni ile nilikaa mbele ya baba.

"Siku ya kisima, mashine yangu ilisema nini?"

"Sifuri."

"Na maji yalikuwa wapi?"

Akaitazama miguu yake.

"Ililowesha viatu yangu," akasema hatimaye.

"Basi. Mashine yangu ni kiziwi kwa vitu vingine. Hiyo ya mkunga inasikia damu. Damu si kama maji ya Abuku, ina vitu vingi ndani."

"Kumbe damu yangu iko chafu."

"Imejaa, Baba. Kama lori la Oraba."

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, na sikuwahi kufikiri ningeutegemea msemo huo kazini.

Siku ya kliniki baba alikaa kwenye benchi la wajawazito, amevaa kofia na kiatu kimoja. Wanawake wakasogea kumpa nafasi. Mmoja, mwenye Kiswahili cha Kongo, akamwuliza kwa heshima, "Muzee, yako iko ya miezi ngapi?"

"Iko ya mwisho," akasema baba.

Mkunga alitoa kwenye sanduku kipande chembamba kama kalamu, cha kusikilizia mishipa, kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Kilikuja na redio na hakuna aliyewahi kukihitaji. Akapaka mafuta ya baridi, akaanza kutafuta kifundoni. Mkwaruzo tu. Akasogeza. Mkwaruzo. Daktari alisimama mikono nyuma. Mimi ninayelipwa kusikiliza niliziba masikio.

Niliyazibua niliposikia vigelegele. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wameisikia damu kabla yangu, kwa mazoea, na wakaishangilia kama wanavyoshangilia kila moyo unaosikika humo ndani: fwaa, fwaa, fwaa, dhaifu, lakini haikatiki.

Baba alimshika daktari mkono. "Hiyo inakuja ama inaenda?"

"Inateremka kwenye vidole, mzee."

"Basi mupaka haijafungwa," akasema baba.

Kilichokatwa ni kidole kimoja kidogo. Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga, na siku kilipofunga baba alitaka kwenda kanisani, ila hakuwa na kiatu. Aliona haya sana. Kwetu, kitu ulichokwisha kutoa hakidaiwi tena. Tulikwenda wote wawili kwa jirani, baba akaanza kwa habari za mvua, akaenda mihogo, akarudi mvua.

Jirani hakumngoja amalize. Aliingia ndani kwa mkongojo, akatoka na kiatu, kimepigwa rangi, kimejazwa magazeti kisipoteze umbo. Mguuni mwake mwenyewe kulikuwa na ndala.

"Hukuivaa?" baba akauliza.

"Nivae namna gani," akasema jirani, "na mwenyewe bado iko natembea?"